Baiti Ipi Inatangulia

9 Machi

Daktari wa presha ameniambia niwe naandika. Kasema kila kinachonipandisha hasira nikiweke kwenye karatasi badala ya kumtupia mtu usoni. Haya, naanza na yeye: amenikalisha kwenye benchi asubuhi nzima, kisha ananiambia presha iko juu. Ingeshukaje?

Mvua imeanza leo, kwa hiyo leo maktaba imefungwa. Si maktaba ya vitabu. Ofisi yetu inatunza lugha ya programu inayoendesha vipimo vya maji vilivyosimikwa kando ya mto. Kila robo saa kipimo kinapima kina, kinatuma namba ofisini, na namba ya daraja la juu ikivuka mita nne, king'ora kinalia bondeni. Chini ya lugha hiyo kuna maktaba ya msingi, yale maagizo ambayo kila programu inayategemea bila kuuliza: kujumlisha, kusoma saa, kutuma namba. Kila mwaka mvua ikianza tunaifunga. Hakuna ruhusa ya kugusa hata mstari mmoja mpaka mvua ikatike, asije mtu akakosea kidogo na mto mzima ukabaki bila macho. Kuifungua katikati ya msimu kunataka sahihi mbili, ya Bosi na ya Profesa.

Bosi alifanya kituko chake cha kila mwaka. Alibonyeza kitufe, akajipigia makofi mwenyewe, akasema, "Haya, mpaka kiangazi. Atakayeigusa nitamfunga yeye." Tunacheka kila mwaka kwa sababu ni bosi. Profesa hakucheka. Si profesa kweli, ni jina tulilompa kwa ajili ya miwani yake na kwa kuwa maktaba yote aliiandika yeye kabla mimi sijaajiriwa. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nikizeeka nataka niwe kama yeye, ila bila ile sweta.

11 Machi

Nilishuka bondeni kwa Dada. Yeye ni mshonaji, cherehani iko sebuleni, na kutoka dirishani kwake unasikia mto kama unavyosikia redio ya jirani. Nikamwambia safari hii mvua ni kubwa, ahamie kwa muda shuleni kule kilimani, yeye na shemeji na watoto.

"Mdogo wangu," alisema huku pini ziko mdomoni, "mimi nalala fofofo. King'ora si chako? Kikilia nitaamka."

Alikuja mteja kupima gauni. Dada akanitambulisha: "Huyu ndiye aliyeingiza akili kwenye kile kipimo cha daraja la juu." Si kweli, sisi tuko wengi. Lakini sikumsahihisha, maana nilijisikia vizuri.

13 Machi

Mvua. Nimekula, nimelala.

16 Machi

Kipimo kipya cha daraja la juu kinatusumbua. Kilisimikwa mwezi uliopita mto ukiwa mkavu, kikasoma sifuri, tukashukuru. Sasa mvua inanyesha na skrini bado imeganda kwenye sifuri. Nikachungulia namba zenyewe kabla hazijachujwa: elfu ishirini na tatu na arobaini. Yaani sentimita hizo! Huo si mto, ni bahari imesimama wima. Programu inahesabu chochote kinachozidi elfu moja kuwa takataka, inakitupa na kubakiza namba ya mwisho iliyokuwa na akili. Ndiyo maana ya ile sifuri.

Profesa hakuinua hata macho. "Waya umelowa. Mtume Fundi."

18 Machi

Fundi wa nyaya kaenda, karudi na matope mpaka magotini. Waya mkavu. Akaamua kupima kwa mti aliouchora alama: sentimita tisini.

"Mashine yenu, dada, inaota," aliniambia.

19 Machi

Nimeiona! Nilikuwa napiga mswaki. Elfu ishirini na tatu na arobaini ukiigawanya kwa mia mbili hamsini na sita unapata tisini kamili, bila salio.

Niandike vizuri ili hata daktari aelewe. Baiti ni kijisanduku kidogo cha kuwekea namba ndani ya mashine; namba kubwa haitoshi kwenye baiti moja, inagawanywa kwenye mbili. Ni kama kuhesabu mayai kwa dazeni, ila dazeni ya mashine ni mia mbili hamsini na sita. Ziko mashine zinazotaja dazeni kwanza, na ziko zinazotaja mayai ya ziada kwanza. Ukisoma kinyume, dazeni sifuri na mayai tisini yanageuka dazeni tisini na mayai sifuri.

Maktaba yetu inajua hilo. Ina swali lake: baiti ipi inatangulia? Inauliza mara moja tu, pale kompaila inapogeuza maandishi yetu kuwa maagizo ya mashine, na jibu linachomelewa humo ndani moja kwa moja. Kosa ni nani anayeulizwa. Inaulizwa kompyuta iliyo mezani kwetu, ile inayofanya kazi ya kugeuza. Kipimo kitakachokwenda kuishi mtoni hakiulizwi kitu. Miaka yote hiyo kompyuta zetu na vipimo vyetu vilikuwa ukoo mmoja, jibu la mezani likawa ndilo jibu la mtoni. Chipu ya zamani, ule ubongo wa kipimo, haitengenezwi tena, hiki kipya ni cha ukoo mwingine, na sisi tumekijibia bila kukiuliza.

Nikaenda kwenye jaribio ambalo Profesa aliliweka ili kukamata kosa la namna hii hii. Alichagua namba 257. Dazeni moja na yai moja. Isome mbele, isome nyuma, ni ile ile. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha nikakaa kitako nikapiga hesabu ya mita nne, na kicheko kikakatika. Mita nne ikipinduliwa inakuwa maelfu. Takataka. Inatupwa. King'ora hakitalia.

20 Machi

Nilimpelekea Profesa hesabu yangu kama mtoto anayepeleka mchoro. Aliisoma yote. Akaisoma tena. Akavua miwani.

"Uko sahihi, binti," alisema.

Nikangoja.

"Tutarekebisha mvua ikikatika."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia watu wa bondeni hawana king'ora. Akaniambia swali hilo limekaa katikati ya maktaba, kila kipimo mtoni kinapita hapo, na akinifungulia leo nikakosea, basi hata vile vinavyosoma sawa vitapofuka. "Leo kipofu ni mmoja. Unataka nikupe ruhusa ya kupofua vyote?"

"Kipofu huyo mmoja ndiye anayewalinda dada yangu na wanawe!"

"Ndiyo maana hupaswi kuigusa wewe," alisema, tena kwa upole. Upole wake ndio ulionichemsha damu. Nilifunga mlango kwa kishindo, na presha sijaipima.

21 Machi

Sisemi naye.

24 Machi

Mvua. Bado sisemi naye. Ananiwekea chai mezani, naiacha ipoe.

29 Machi

Asubuhi nikiwa naoga simu ikaita bila kukoma. King'ora cha bondeni kilikuwa kinalia. Nilijua hata kabla sijafika ofisini: mto umefika 259. Dazeni moja na mayai matatu, ikasomwa dazeni tatu na yai moja. Skrini ilisema sentimita 769, na kwa kuwa namba zilizofuata zote zilikuwa takataka, ikaganda hapo hapo, king'ora kinalia tu.

Watu walikimbia na mvua ile mpaka kilimani. Mama mmoja mjamzito alianguka. Wakasimama kule juu wakitazama mto uko mahali pake, haujafika hata kwenye ngazi za kufulia. Dada aliniambia kwenye simu huku meno yanagongana: "Mdogo wangu, umetutoa mbio! Nimekimbia na gauni la bibi harusi mkononi." Alikuwa anacheka. Nyuma yake nilisikia mwanamume anaitukana ofisi yetu, na Dada akamgeukia: "We baba, mashine ikikosea inatengenezwa. Mdomo wako je?"

Nikamweleza kila kitu. Nikamwambia kipimo kinasoma kinyume, asikiamini mpaka nikitengeneze.

"Haya, basi nitakungoja wewe," alisema.

30 Machi

Bosi kakata waya wa king'ora. Siku zote nilimchukulia kama mtu wa mizaha tu, wa kuvaa tai na kukata keki. Leo aliniita, akafunga mlango, akaniambia nimweleze polepole kama anayemweleza mjinga. Nikamweleza kwa mayai. Aliuliza maswali mawili, yote ya maana. Kisha akasaini.

"Sahihi yangu hii hapa. Ya mwenzako siwezi kumshikia mkono."

4 Aprili

Profesa kasaini. Hakuniita, niliikuta karatasi juu ya kibodi yangu. Chini yake kaandika masharti: rekebisho lijaribiwe kwanza kwenye kila aina ya kipimo tulichonacho, kimoja kimoja, juu ya meza, kila kimoja siku yake nzima, kabla halijaenda mtoni.

Rekebisho lenyewe ni mistari michache: acha kuuliza meza, uliza chipu inayotumwa. Nimeliandika kabla chai haijapoa. Safari hii niliinywa.

5 Aprili

Tunajaribu. Mvua.

6 Aprili

Tunajaribu. Nilimwomba turuke vile vya zamani, vinavyofanana kama mapacha. Akasema mapacha nao hufa tofauti. Mungu anisamehe nilivyomtazama.

7 Aprili

Tunajaribu. Dada kanipigia kuniuliza kama nimekula.

9 Aprili

Tumemaliza jioni. Vyote sawa, hakuna hata kimoja kilichoharibika, kama nilivyosema tangu siku ya kwanza. Kadi yenye programu mpya, ya kuchomeka kwenye kipimo cha daraja la juu, ninayo. Kesho alfajiri naipeleka na Fundi. Milimani kumefunga weusi tangu mchana, na Bosi kasema hangoji mashine: asubuhi atawatangazia watu wa bondeni wahame, kwa kinywa chake mwenyewe.

12 Aprili

Naandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi.

Juzi, tarehe kumi, Bosi alitangaza mapema asubuhi. Watu wengine walimzomea kwa sababu ya zile mbio za bure, lakini wengi walipanda. Dada alinipigia akiwa shuleni kilimani. "Tumefika. Watoto wanakula. Uko wapi?"

Nikamwambia niko garini, naelekea daraja la juu. Nikamwambia wamesaini wote wawili, kadi ninayo, leo hii kipimo kitakuwa sawa. Nilisema hivyo hivyo: leo hii kitakuwa sawa. Nilikuwa na furaha.

"Hongera, mdogo wangu," alisema. "Mimi nilijua tu."

Barabara ilikuwa imekatika kwenye kona ya pili, kilima kimejimwaga chote. Tukaacha gari, tukapanda kwa miguu, Fundi mbele, mimi nyuma nimekumbatia mkoba. Tulifika alasiri. Nguzo ya kipimo ilikuwa katikati ya maji. Kisanduku kilikuwa juu yake, kizima, taa yake inawaka kijani kama kawaida, na hapakuwa na njia ya kukifikia. Fundi alisoma alama za nguzo kwa kukaza macho: zaidi ya mita tano. Maji yalikuwa yanapanda tukiyaona. Simu zote mbili hazikuwa na mtandao.

"Angalau wako kilimani," Fundi alisema. Na mimi nikasema ndiyo, angalau.

Tulishuka. Mtandao ulirudi tulipokaribia gari, simu yangu ikaanza kutetemeka, na ujumbe wa kwanza ulikuwa wetu wenyewe, wa ofisi. Ulikuwa umetumwa saa nzima nyuma. "Daraja la juu: kina sentimita 2. Hali ni salama. Mnaweza kurudi majumbani."

Mto ulipofika 512 kipimo kilipima. Dazeni mbili, mayai sifuri. Kikasoma dazeni sifuri, mayai mawili. Namba mbili si takataka, ni namba yenye akili, ikapita. Zilizofuata zikatupwa, na skrini ikaganda kwenye mbili. Mfumo una sheria yake: tahadhari ikishatangazwa na kuingizwa humo, kipimo kikakaa chini ya mita moja kwa saa nzima, ujumbe wa kuwarudisha watu unajituma. Tulikata king'ora. Ule ujumbe hakuna aliyeukumbuka. Bosi hakuukumbuka, Profesa hakuukumbuka, mimi sikuukumbuka.

Nilimpigia Dada. Iliita mpaka ikakatika. Nikampigia shemeji, akapokea.

"Dada yako katangulia na wenzake akafungue nyumba," alisema. "Mimi nakunja magodoro na watoto, tunamfuata."

Nilipiga kelele asishuke, asiwaachie watoto, akamwite. Nilimsikia anakimbia. Kisha nikasikia watu wengi wanapiga kelele kwa pamoja, na simu ikakatika.

13 Aprili

Amepatikana.

19 Aprili

Tumemzika juzi. Wenzake pia. Nilishindwa kulia makaburini, nikalia nyumbani nilipoona pini zake kwenye kikopo.

Tumeambiwa ofisini tusiseme lolote kwa mtu yeyote mpaka tume ya uchunguzi imalize kazi yake. Watu wanajua tu kwamba mto ulipungua, kisha ukarudi ghafla. Ndivyo wanavyoambizana.

23 Aprili

Bosi kaondoka. Aliwaandikia wakubwa kwamba kosa ni letu, bila kutia chumvi na bila kumtaja mtu, na akataka watu wa bondeni waambiwe. Wakampa likizo isiyo na mwisho, na watu hawakuambiwa. Alikuja kuniaga akiwa hana tai. Nilitaka kumwomba radhi kwa miaka yote niliyomdharau, nikaishia kumwambia asisahau mwavuli wake.

25 Aprili

Fundi kaweka kadi. Kipimo cha daraja la juu kinasoma sawa. Leo 183.

28 Aprili

Profesa alikuja nyumbani. Hakutaka kuingia, alikaa kwenye benchi la barazani na ile sweta imelowa mabegani. Kisha akasema, "Zile siku nilizokuweka mezani..." akashindwa kumalizia.

Nilijua nilipaswa kumwambia kitu. Alikuwa na sababu zake, na kwa sababu hizo hizo mwaka wowote mwingine ningemsifu. Nilitafuta huruma ndani yangu sikuipata. Nikamletea chai. Aliishika kwa mikono miwili mpaka ikapoa, akaiweka chini, akaondoka.

30 Aprili

Mvua imepungua. Silali vizuri.

3 Mei

Leo shemeji alikuja peke yake. Watoto kawaacha kwa mama yake. Amekonda, shati limekuwa la mtu mwingine. Tuliongea habari za shule, za cherehani kama aiuze au aiache, za magauni ya watu yaliyobaki hayajashonwa. Nilidhani hayo ndiyo yaliyomleta.

Kisha akasema, "Shemeji, kuna kitu nilitaka ukijue. Naona kitakufariji."

Akanieleza. Ujumbe ulipoingia pale shuleni watu hawakuuamini. Mto walikuwa wanausikia unanguruma. Walishachomwa na king'ora kile, na mzee mmoja alisema wangoje mpaka kesho. Karibu wote walikubali. Dada ndiye aliyesimama na simu mkononi akawaonyesha.

"Aliwaambia, 'Nyie, huyu ni mdogo wangu. Kabla alinikataza nisikiamini kile kipimo. Leo asubuhi kaniambia anakwenda kukitengeneza, na mnaona, kimeanza kusema. Ameshatengeneza.' Yule mama mjamzito akamshika mkono, wakatangulia, wengine wakawafuata." Shemeji alifuta uso kwa kiganja. "Alikuwa na furaha, shemeji. Alikuwa anakusifu wewe. Alishuka kile kilima anacheka."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama ukuta. Niliwaza ile amri ya tume, na nikawaza pia kwamba amekuja na zawadi, mtu wa watu, amebeba alichonacho amekuja kunipa.

"Kwa hiyo ulikuwa umeshakitengeneza," alisema. "Mto ndio uliogeuka."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mto haukupungua hata kidogo. Nikamwambia saa ile Dada anawaonyesha simu, mimi nilikuwa nimesimama mbele ya nguzo na kadi bado iko mkobani mwangu.

Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane. Alisimama, akavaa viatu vyake taratibu, kimoja, halafu cha pili, akafika mlangoni.

"Watoto usiwaambie," alisema bila kugeuka. "Kule shuleni bado wanawaambia wenzao kwamba mama mdogo ndiye aliyetengeneza kile kipimo."